Mbunge Huangushwa na Nani?

Wajukuu zangu wa Maposeni, kila uchaguzi ukipita huwa mnaniuliza swali lile lile. Mtu tuliyezoea kumsikia redioni, anaitwa mheshimiwa, anafunguliwa mlango wa gari, imekuwaje leo hayumo tena bungeni? Kakosa nini? Leo nitawajibu, na nitawajibu kwa visa vilivyotokea kweli, vyenye majina na miaka, ili mtu akiwabishia mjue pa kusimamia.

Tuanzie mbali kidogo na kwetu, Mwanza, mwaka 1965.

Mwaka huo nchi yetu ilikuwa imeingia katika mfumo wa chama kimoja, TANU huku bara na ASP kule Zanzibar. Mtu angedhani kwamba chama kikiwa kimoja, basi mbunge ana kiti cha kudumu. Haikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere na wenzake waliweka utaratibu kwamba katika kila jimbo TANU isimamishe watu wawili, wote wanachama wake, na wananchi wachague mmoja. Wapiga kura wengi wakati ule hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mgombea alipewa picha yake: mmoja jembe, mwenzake nyumba. Sikilizeni walivyofanya kampeni, maana hamtaona tena kitu kama hicho. Wagombea wale wawili waliandamana. Walifika kijiji kimoja pamoja, wakapanda jukwaa moja, wa jembe akasema yake, akakaa, wa nyumba akasimama akasema yake, na wananchi wakawauliza wote wawili maswali yale yale. Mikutano iliandaliwa na chama, siyo na mfuko wa mgombea. Ilikuwa mwiko kuomba kura kwa kabila, dini au rangi, na hotuba zote zilikuwa kwa Kiswahili.

Huko Mwanza alisimama Paul Bomani. Huyu hakuwa mtu mdogo. Katika miaka ya 1950 aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ushirika uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika Afrika, na kwa kazi ile wakulima walimwona ni mtu wao. Uhuru ulipokuja akawa waziri, na kufikia 1965 alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi nzima. Kura zikapigwa, zikahesabiwa, Bomani akaanguka. Waziri mwenzake mmoja naye akaanguka, na mawaziri wadogo kadhaa pamoja nao.

Jiulizeni sababu. Ninavyokisoma kisa hiki mimi, Bomani aliondoka Mwanza akiwa mtu wa pamba, akarudi akiwa mtu wa kodi. Mkulima aliyemjua akiwa upande wake kwenye mizani, sasa alimsikia redioni akisoma bajeti. Huenda alichofanya kilikuwa sahihi kwa nchi changa iliyohitaji fedha. Mkulima hapimi hivyo. Yeye huangalia alichobaki nacho mkononi baada ya makato, kisha hutafuta uso wa kuukasirikia, na uso anaoufahamu ni wa mbunge wake. Mwalimu hakumtupa Bomani. Alimteua kuwa mbunge, akaendelea na kazi serikalini, na baadaye akawa balozi wetu nchini Marekani. Lakini wizara ya fedha ilikwenda kwa Amir Jamal, na watu wa Mwanza walikuwa wamekwisha kusema neno lao.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hapa hatuna pamba, tuna mahindi. Mkoa wa Ruvuma ni ghala la nchi, na mtoto wa Maposeni anajua bei ya gunia kabla hajajua jedwali la kuzidisha kwa saba. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Hoja yake ilikuwa kwamba chakula kibaki ndani, na anayetaka kuuza nje asage kwanza auze unga. Hoja inasikika vizuri ukiwa ofisini. Huku shambani, wanunuzi waliokuwa wakija na malori wakapungua, bei ikaporomoka, na wenye magunia wakabaki kusubiri Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ule tunaouita NFRA, anunue kwa kiasi alichopangiwa. Mkulima aliyeuza kwa bei ya kutupa hakuweza kununua mbolea ya msimu uliofuata. Karo ya mtoto ikachelewa.

Mbunge akija kwenye mkutano wa kijiji baada ya msimu wa namna hiyo, mnajua kinachotokea. Mzee mmoja husimama, akavua kofia yake, akasema taratibu, "Mwanetu, sisi ndio tuliokutuma. Mahindi tunayo, soko hatuna. Ukirudi huko Dodoma utawaambia nini?" Hakutukana, hakupiga kelele. Amemwita mwanetu. Lakini mbunge mwenye akili akisikia sauti ile anajua kwamba mambo yameharibika, maana mtu wa Ungoni akikugombeza bado anakutaka; akikuambia kwa upole hivyo mbele ya watu, amekwisha kupima.

Je, mbunge ndiye aliyefunga mpaka? Sivyo. Mbunge hapangi bei wala hafungi mpaka. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu nusu ya jibu la swali lenu iko hapa.

Katiba yetu, Ibara ya 63, inasema Bunge ndicho chombo chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kusimamia na kushauri. Mbunge huuliza maswali, huchangia hoja, hukaa kwenye kamati, hupitisha sheria, na kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni hupitisha bajeti. Barabara ya vijijini inajengwa na TARURA. Maji ya kijijini yako chini ya RUWASA. Umeme ni wa TANESCO na REA. Mbunge ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zake zinaweza kumalizia darasa lililosimama kwenye linta au kununua bati za zahanati. Haziwezi kujenga barabara ya lami.

Lakini nani kati yenu amewahi kumsikia mgombea akisema kwenye kampeni, "Ndugu zangu, nichagueni nikaulize maswali"? Hakuna. Husema atatuletea lami, maji, kituo cha afya, daraja, na soko la mahindi juu yake. Watu hupiga makofi, na kila kofi ni deni. Miaka mitano ikiisha watu wanahesabu. Lami haipo, na mbunge anaanza kueleza kwamba unajua, lami ni mambo ya serikali kuu, fedha hazijatoka. Ni kweli, ila ukweli huo alikuwa nao tangu siku ya kampeni na akaufungia kabatini. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayowaangusha wabunge wetu: wanaomba kazi moja na wanapewa nyingine, na wanajua hivyo siku wanapoomba.

Jambo hili la kuadhibiwa kwa kosa la mwingine si la kwetu peke yetu. Marekani Rais hukaa miaka minne, lakini wajumbe wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo Rais akifika katikati ya kipindi chake, kuna uchaguzi ambao jina lake halimo kwenye karatasi ya kura, lakini watu wa chama chake wamo. Basi wananchi wenye hasira na Rais huwapiga wabunge wake. Mwaka 1994, Bill Clinton akiwa Rais, aliangushwa hata Spika wa Baraza, Tom Foley, jambo ambalo halikuwahi kumpata Spika aliyeko madarakani tangu mwaka 1862. Mwaka 2010 chama cha Barack Obama kilipoteza viti 63 kwa siku moja. Mwaka 2018 zamu ikawa ya chama cha Donald Trump. Tangu 1934 ni mara chache mno, mwaka huo wenyewe, 1998 na 2002, ambapo chama cha Rais hakikupoteza viti katika baraza hilo kwenye uchaguzi wa katikati. Wengi wa walioanguka hawakuwa na kosa la peke yao. Walikuwa karibu na mkono wa mpiga kura wakati Rais alikuwa mbali nao.

Sisi hatuna uchaguzi wa katikati. Tunachagua Rais, wabunge na madiwani siku moja, kila miaka mitano. Lakini tuna kitu kingine kinachowaangusha wabunge wengi kuliko uchaguzi wenyewe, nacho ni kura za maoni ndani ya chama.

Mwaka 2020 mlikuwa wadogo, lakini huenda mliisikia sentensi moja ikiimbwa kila mahali, kwenye simu, kwenye daladala, hata kwenye harusi: wajumbe si watu wazuri. Ilitokea hivi. Chama Cha Mapinduzi kiliitisha kura za maoni za kuwapata wagombea ubunge, na maelfu ya wanachama wakachukua fomu. Ukumbi unajaa wajumbe wa mkutano wa chama. Watia nia wanasimama mmoja mmoja, kila mmoja na dakika zake chache za kujieleza, mbunge aliyeko madarakani akiwa kwenye foleni ile ile na mwalimu, mhasibu na kijana aliyemaliza chuo juzi. Halafu kura zinahesabiwa pale pale mbele ya macho ya wote, jina linasomwa, karatasi inaonyeshwa. Kuna watu walioahidiwa kura na nusu ya ukumbi, na waliposomewa matokeo walikuta wana kura moja, ile waliyojipigia. Mjumbe alikula chakula cha wote, akapokea simu za wote, akawaambia wote "usiwe na wasiwasi, mheshimiwa", kisha akachagua anayemtaka. Watu walicheka sana mwaka ule. Mimi nawaambia kwamba mjumbe aliyefanya vile alikuwa ndiye mpiga kura huru kuliko wote ukumbini.

Fikirini hesabu yake. Jimbo lina makumi ya maelfu ya watu, lakini mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, kama huku kwetu, anayeshinda kura za maoni ana uhakika karibu wote wa kuwa mbunge. Maana yake ni kwamba mbunge anaweza kupendwa na akina mama wote wa kisimani na bado akaangushwa na wajumbe mia kadhaa aliosahau kuwapigia simu. Na kinyume chake pia. Baadaye CCM ilibadilisha katiba yake ili wanachama wengi zaidi wapige kura hizo mwaka 2025. Hata hivyo, neno la mwisho limebaki kwa vikao vya juu vya chama, na vikao hivyo vinaweza kumwacha mtu kabla wajumbe hawajamwona. Julai 2025 January Makamba wa Bumbuli na Luhaga Mpina wa Kisesa, wote wawili waliopata kuwa mawaziri, hawakurudishwa hata kwenye orodha ya kupigiwa kura za maoni. Mpiga kura wa Bumbuli hakuulizwa.

Tazameni ramani ya mkoa wetu mtaona jambo hili linavyofanya kazi. Namtumbo, jirani zetu, walikuwa na Vita Kawawa tangu 2005, mtoto wa Rashidi Mfaume Kawawa, yule Simba wa Vita aliyekuwa Waziri Mkuu. Jina kubwa kuliko hilo Ruvuma utalipata wapi? Mwaka 2015 kiti kikaenda kwa Edwin Ngonyani, akawa naibu waziri pia. Mwaka 2020 Ngonyani akatoka, Kawawa akarudi. Mwaka 2025 akaingia Juma Homera. Mwaka ule wa 2020 Mbinga Mjini Sixtus Mapunda alimpisha Jonas Mbunda, Mbinga Vijijini Martin Msuha alimpisha Benaya Kapinga, na Tunduru Kaskazini Ramo Makani alimpisha Hassan Kungu. Sura zilibadilika jimbo baada ya jimbo, na chama kikabaki kile kile. Mtu wa mbali akitazama matokeo anasema Ruvuma haibadiliki. Anayekaa hapa anajua kwamba inabadilika sana, ila inabadilikia ndani ya ukumbi.

Na sisi? Jimbo letu la Peramiho lilikuwa tofauti. Jenista Mhagama alilishika mwaka 2005 na alikuwa bado mbunge wetu alipofariki Desemba 2025. Miaka ishirini. Alipata kuwa mwenyekiti wa Bunge, akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu kwa miaka mingi, kisha Waziri wa Afya. Kuna wanaosema kwamba waziri hawezi kuanguka kwa sababu ana mlango wa karibu serikalini, na watu hawataki kuupoteza mlango huo. Kwa hoja hiyo Bomani asingeanguka. Wala Lawrence Masha asingeanguka: mwaka 2010 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, polisi wote chini yake, na Ezekiel Wenje wa chama cha upinzani cha CHADEMA akamtoa Nyamagana. Nchini Uganda, Januari 2021, Makamu wa Rais mwenyewe, Edward Ssekandi, aliyewahi pia kuwa Spika, alipoteza kiti chake cha Bukoto ya Kati. Cheo hakimzuii mtu kuanguka. Wakati mwingine ndicho kinachomwangusha, kwa sababu kinamweka mbali na nyumbani.

Neno ambalo nimelisikia kuliko yote vijijini mbunge anapokataliwa ni moja: haonekani. Watu wetu wanaweza kuvumilia mbunge ambaye hajaleta lami. Asiyefika msibani hawamvumilii. Anayepokea simu siku ya kampeni na kuzima siku ya shida, asiyewajua tena wenyeviti wa vijiji kwa majina, anayepita na kioo cha gari kimepandishwa, huyo amekwisha. Wasomi wengine hudharau jambo hili, wanasema ubunge si kuhudhuria misiba. Mimi siwaungi mkono. Mtu asiyekaa na watu atayajulia wapi ya kwenda kuyasema bungeni?

Ila kuna kuonekana kwa namna nyingine ambako lazima niwaonye. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kwa desturi zetu za ukarimu. Sote tunajua ukarimu ni jambo jema. Lakini siku ya kampeni takrima ilikuwa pilau, khanga, fulana, sukari, na noti zinazopita chini ya meza, na mwenye uwezo wa kukirimu zaidi alikuwa yule aliyekwisha kukaa madarakani. Watu wa haki za binadamu walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikatamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba, maana vinambagua mgombea maskini na kuchochea rushwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya kuweka mipaka ya fedha za kampeni. Khanga hazijaisha, mnaziona. Lakini msikubali mtu awaambie kwamba ni desturi yetu. Mahakama ilikwisha kusema.

Mwaka huo wa 2010 nitaukumbuka kwa jambo jingine. Miji ilikuwa imejaa vijana, wengi wakipiga kura kwa mara ya kwanza, na hawakuwa na deni la shukrani kwa mtu. Iringa Mjini Mchungaji Peter Msigwa akamtoa Monica Mbega. Mbeya Mjini msanii wa hip hop, Joseph Mbilinyi, mnayemjua kwa jina la Sugu, akamtoa Benson Mpesya. Mwanza, pamoja na Masha, Anthony Diallo alitolewa Ilemela na Highness Kiwia. CHADEMA wakashangilia wakidhani Mwanza ni yao. Miaka mitano ikapita. Mwaka 2015 Wenje akaangushwa na Stanslaus Mabula, na Kiwia akaangushwa na Angeline Mabula, wote wa CCM. Watu wale wale waliowapandisha ndio waliowashusha. Na mwaka huo huo, Bunda Mjini, Stephen Wasira, aliyeingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1970, aliangushwa na Ester Bulaya, mwanamke kijana aliyekuwa amehama CCM. Kule Vunjo Augustine Mrema akatolewa na James Mbatia. Nawapenda wapiga kura wa namna hii. Hawakuoa chama wala mtu.

Nisiwafiche yaliyofuata, maana nilisema nitasema kweli. Mwaka 2020 karibu wabunge wote wa upinzani waliokuwa na majimbo walitangazwa wameshindwa: Freeman Mbowe Hai, Zitto Kabwe Kigoma Mjini, Halima Mdee Kawe, Sugu Mbeya Mjini. Vyama vyao vilisema uchaguzi haukuwa huru wala wa haki. Tume ya Uchaguzi ilisema ulikuwa sawa. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura, na Oktoba 29, siku ya uchaguzi, na siku zilizofuata, kulitokea vurugu na Watanzania walipoteza maisha. Wengine walikuwa vijana wenye umri wa kaka zenu. Mimi ni mzee, na naamini kwa moyo wote kwamba kuanguka kwa mbunge ni jambo la afya, ila kwa sharti moja: aangushwe na kura za watu, na watu wote waamini kwamba zimehesabiwa. Sharti hilo likikosekana, aliyeanguka hajui kosa lake na aliyeshinda hajui deni lake.

Mnaweza kuuliza: je, mbunge akiharibu mwaka wa pili, lazima tungoje miaka mitatu mingine? Kwa sheria yetu, ndiyo. Mbunge hupoteza kiti katikati ya kipindi, kwa mfano, akifa, akijiuzulu, mahakama ikitengua uchaguzi wake, au akikosa uanachama wa chama kilichompeleka. Angalieni vizuri hilo la mwisho: chama kikimfukuza, ubunge unakwenda. Wananchi wakimchoka, ubunge unabaki. Desemba 2017 Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha walijiuzulu katika vyama vya upinzani, wakahamia CCM, na kufikia Februari 2018 walikuwa wamerudi bungeni kwa majimbo yale yale. Uchaguzi mdogo uligharimiwa na kodi zetu, na hakuna mpiga kura aliyekuwa ameuomba.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba iliona tatizo hili. Ilizunguka nchi nzima kusikiliza watu, na katika rasimu yake iliandika mambo mawili ninayotaka myakumbuke: kwamba mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu vya miaka mitano, na kwamba wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kuisha. Rasimu ikapelekwa kwenye Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, ambamo wabunge walikuwa ndio wengi. Vifungu vyote viwili viliondolewa. Kenya wanacho kifungu cha aina hiyo, Ibara ya 104 ya Katiba yao ya 2010, ingawa hadi leo hakijamwondoa mbunge hata mmoja, kwa sababu masharti yake yaliwekwa magumu na waliotunga sheria walikuwa wabunge wenyewe. Sikushangaa. Lakini ukweli kwamba Watanzania walisimama kwenye mikutano ile na kusema tunataka uwezo huu, huo umeandikwa na haufutiki.

Basi nimewajibu. Mbunge huangushwa na bei ya mahindi asiyoipanga, na ahadi aliyoitoa akijua si yake, na wajumbe aliowasahau, na kikao cha juu kilichomkata, na kioo cha gari kilichopanda. Hayo yote hayako mikononi mwenu. Kilichoko mikononi mwenu ni kura yenu.

Kwa hiyo mbunge akija Maposeni, msingoje mzee mmoja asimame na kofia mkononi. Mwambieni shikamoo, mkaribisheni vizuri, kisha mwulizeni: umeuliza maswali mangapi bungeni kuhusu mahindi yetu? Fedha za mfuko wa jimbo mwaka huu zimekwenda kijiji gani, na kamati ilikaa lini? Ulipiga kura gani kwenye bajeti? Maswali hayo hayahitaji kadi ya mpiga kura, hata wa darasa la sita anaweza kuyauliza. Uchaguzi Mkuu ujao ni mwaka 2030. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka 2012 atakuwa ametimiza miaka 18. Daftari likifunguliwa, nendeni mkajiandikishe.